Madamu wa Makande

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Kyela wapo wanaodai ni ndugu yao, wapo wanaomkana, na kila upande una sababu zake. Mimi nilimkuta amesimama mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara, chupa ya chai kwapani, akitutazama kama mtu anayetafuta mbuzi wake katika zizi la jirani. Hakusalimia. Hakuita majina. Aliuliza, "Nani hayupo?"

Tukaanza kushtakiana. Fulani anaumwa. Fulani bado yuko njiani kutoka kwao. Fulani amelala, Madamu, tumemwacha anakoroma. Akatuacha tumalize. "Sikuuliza habari za usingizi wenu," alisema, akatugawia kila mmoja ukurasa. Yalikuwa maelezo ya soko lililojengwa katika mji ambao haukutajwa: mkuu aliamua, mhandisi alipima, wafanyabiashara walishukuru. "Humu ndani, nani hayupo?" Tulisoma, tukasoma tena. Mwishowe kijana mmoja wa viti vya nyuma akasema, kama anayebahatisha, "Waliokuwa wanauza pale kabla halijajengwa?"

Madamu akafungua chupa, akamimina chai. "Haya," alisema. "Sasa shahada imeanza."

Ningependa kumkumbuka kwa asubuhi ile tu. Lakini mama yangu ni mfinyanzi kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, udongo aliofinyangia tangu aolewe sasa uko ndani ya uzio wa hoteli, na maneno yaliyoufungulia njia uzio huo yaliandikwa na Madamu. Kwa hiyo namkumbuka kwa yote mawili, na hayo mawili hayakai vizuri kwenye kichwa kimoja.

Shahada yenyewe ilikuwa ya sayansi za jamii: historia, uchumi, siasa, sosiolojia na jiografia ya watu, vyote kwenye sufuria moja. Wenzetu wa sheria na uhasibu waliiita shahada ya makande. "Nyie makande, mtaajiriwa na nani?" walituuliza kwenye foleni ya chakula, na hata sisi tulikuwa tunajiuliza. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeisimamia, akawa Madamu wa Makande, na alijua anavyoitwa. "Waambieni makande yanataka moto wa subira," alisema. "Chipsi ndizo zinazoiva mtu akiwa amesimama."

Nyumbani ilikuwa kazi zaidi kueleza. Babu, baba yake baba, alifurahi aliposikia neno sayansi.

"Basi utanitengenezea redio yangu, mke wangu," aliniambia. Babu aliniita mke wake tangu natambaa, kama babu wote wa kwetu.

"Si sayansi ya redio, babu. Ni ya watu."

"Watu nao wameharibika?"

"Ndiyo tunachochunguza."

"Mtawachunguza wapi? Hospitali?"

"Hapana. Wanapokaa."

Babu akafikiri. "Sasa mtu anayekwenda kuchunguza watu wanapokaa, kwetu hapa tunamwita mmbeya," alisema, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mama alikuwa akisikiliza nyuma ya migomba. Aliponikuta jioni aliniambia, "Babu yako kasema kweli, ila wewe umbeya wako ulianza kabla ya chuo." Utotoni nilikuwa nimemwuliza mchungaji, mbele ya watoto wote wa shule ya Jumapili, samaki walitenda dhambi gani hata wasipewe nafasi kwenye safina. Nilikwenda chuo nikitafuta mahali ambapo swali si utovu wa adabu. Nikampata Madamu.

Akikasirika, Kiswahili chake kilikimbia. Siku moja alimsema mwanafunzi mmoja kwa Kinyakyusa kilichonyooka, na ukumbi mzima ukakaa kimya isipokuwa mimi.

"Wewe unacheka nini?"

"Nimesikia, Madamu."

"Umesikia nini?"

"Umesema kichwa chake ni kibuyu ambacho hata mbegu zimehama."

Akanisogelea. "Ugonile," alinisalimu, mbele ya wote.

"Ndaga," nikajibu.

"Wa wapi?"

"Wa ziwani, kwa wafinyanzi."

Tangu siku hiyo sikupumua. Kila swali gumu lilinijia mimi. Niliposema jambo bila ushahidi alinirudishia mbele za watu: "Mtoto wa mfinyanzi anajua kwamba chungu kisichopita motoni ni tope lenye umbo. Hoja yako ni tope." Nililia chooni mara nyingine. Sijawahi kufundishwa vizuri hivyo na mtu yeyote, kabla yake wala baada.

Na alikuwa na mkono wa kutoa. Mikopo ilipochelewa, wale ambao kwao hakukuwa na mtu wa kumpigia simu waliambiwa wapite ofisini kwake "kuchukua kitabu". Kitabu kilikuwa wali na dagaa, uliopikwa kwenye jiko la umeme ambalo chuo kilikuwa kimelipiga marufuku. Hata wali ule ulikuwa somo. Siku moja tukiwa naye dukani alinusa gunia, akamwambia mwenye duka, "Kila mchele mjini hapa umeandikwa Kyela. Kyela ingekuwa kubwa hivyo, Malawi ingekuwa kata yetu." Kisha akatugeukia: "Mkulima wa mchele huu ni nani, na kwa nini jina lake limefutwa likaandikwa la kwetu?" Tulikula tukijibu.

Alijua majina ya wanawake wote waliofagia jengo letu, na ya watoto wao. Aliwaamkia waliomzidi umri. Lakini mtu huyohuyo, bango la kongamano moja lilipomwandika jina bila neno Daktari, alikaa ndani ya gari kwenye maegesho mpaka alipotafutwa kijana mwenye kalamu nene akaliongeza. Alitufundisha kwamba vyeo ni nguo tu. Nadhani aliamini kabisa, mradi nguo yake isiguswe. Alitufundisha pia tusiiamini ripoti iliyolipiwa na mtu anayelitamani jibu. Na yeye nyumba yake, gari lake, na hata dagaa wetu, vilitoka kwenye ripoti za namna hiyo. Tulijua. Tulikuwa tumeshiba, tukaiacha hoja ipite.

Mhadhara wake ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa juu ya ukimya. Alikuja na kitenge begani. Akamchagua kijana mrefu kuliko wote, akamkalisha kwenye kiti katikati ya ukumbi. "Wewe leo ni baba mkwe. Usifanye lolote. Baba mkwe kazi yake ni kuwepo." Akatoka nje. Aliporudi alikuwa amejifunika kitenge kichwani, uso ameuelekeza ukutani, ameinama, anapita kwa ubavu nyuma ya viti vyote, mpaka akajibanza nyuma ya mlango wa pili. Watu walicheka, baba mkwe mwenyewe akacheka.

"Nimesema nini?" aliuliza kutoka nyuma ya mlango.

"Hujasema kitu, Madamu."

"Umepata sifuri. Mwingine. Nimesema nini?"

Hakuna aliyejua ila mimi, kwa sababu yule nyuma ya mlango alikuwa mama yangu kabisa, mpaka namna ya kuushika upindo wa kitenge.

Alieleza. Kwetu mkamwana, mke wa mwana, hakai mahali alipo baba mkwe wake. Hamtazami, haingii kwenye ua wake akiwepo, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeiacha njia na kuingia migombani. Na baba mkwe si mmoja: ndugu zake ni wakwe, wazee wa rika lake ni wakwe. Vijana wa mjini wamelegeza, lakini ufukweni wanawake wa umri wa mama hawajalegeza hata kidogo. Mzee naye ana wajibu wake. Anapokaribia mahali penye mkamwana hukohoa angali mbali, ili mwanamke apate nafasi ya kuondoka bila kukurupushwa kama kuku.

"Kikohozi kile ni adabu kubwa," alisema Madamu. "Mzee anasema: najua upo, na najua kwamba hapo ulipo ni kwa sababu yangu." Akakivua kitenge, akakikunja polepole. "Siku moja mtakwenda vijijini na madodoso yenu. Mtaita mkutano. Mtaandika kwamba wanawake hawakusema kitu. Kabla hujaandika, jiulize uliwaweka wapi. Ukimweka mtu mahali asipoweza kusema, kisha ukaandika kwamba hakusema, hukufanya utafiti. Umemziba mdomo, halafu umemshtaki kwa ububu."

Nilitoka ukumbini nikiwa na hakika kwamba nimesomea kitu sahihi.

Mwaka wa pili alituleta ufukweni kwa mafunzo ya vitendo. Habari kwamba daktari anakuja ilitangulia, na alipofika alikuta wazee wamejipanga na magoti yao. Alieleza kwamba udaktari wake si wa mwili. Wakamwitikia kwa heshima na kuendelea kumwonyesha magoti. Mwishowe akawagawia vidonge vyake vya kichwa. "Huyo daktari wenu anatibu goti kwa maswali," mama aliniambia, lakini alimpenda. Madamu alivua viatu, akaketi chini pamoja na wanawake pale wanapochomea vyungu, akatazama mama anavyouzungusha udongo juu ya kigae na kuulainisha kwa gunzi la mahindi. Akaomba kujaribu. Kilichotoka kilikuwa kitu chenye mdomo upande mmoja.

"Chungu cha kumpikia mwanamume unayetaka aondoke," alisema mama, na wanawake wakapiga makofi.

Hata hivyo mama alikichoma pamoja na vyake, akampa. Akampeleka pia nyuma ya ufukwe, kwenye shimo la udongo kando ya kijito, mahali ambapo wake wa ukoo wetu wamechimba muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyokumbuka. Alimwekea bonge mkononi. "Udongo wa pengine unafaa kwa matofali," alimwambia. "Huu haupasuki." Madamu aliliminya, akanusa, akasema, "Nimeelewa, mama." Nilikuwepo. Alisema ameelewa.

Mwekezaji alipoutaka ufukwe ule kwa ajili ya hoteli, ilitakiwa kwanza ripoti ionyeshe kwamba wananchi wameshirikishwa. Kazi akapewa Madamu. Akanichukua niwe msaidizi wake, na mama akashukuru Mungu kwa sauti. Wanawake wengi wa ufukweni walishukuru. Afadhali yeye, walisema, anaujua udongo wetu, amekaa hapa chini.

Mpango ulikuwa mikutano miwili, wa wanaume uani kwa babu na wa wanawake pale pa kuchomea vyungu. Mpango huo Madamu aliuandika mwenyewe. Lakini tulipofika Kyela mjini tukakuta watu wa mwekezaji, wenye gari, wana haraka, afisa waliyemleta anataka kuwahi kurudi Mbeya, na wameshajenga hema uani kwa babu, viti vimepangwa, soda zimo kwenye barafu. Mkutano mmoja utatosha, walisema. Ua wa babu ndio mpana, na babu ndiye mwenyekiti wa wazee.

Nilimvuta Madamu pembeni kabla hatujapanda gari.

"Madamu, uani kwa babu wakamwana hawaingii."

"Najua."

"Wafinyanzi wote ni wakamwana zake, au wa wenzake."

"Najua, binti yangu."

"Sasa tunafanyaje?"

Alikuwa anatafuta miwani kwenye mkoba. Hakuinua macho. "Tutaandika kwamba walialikwa," alisema.

Walikuja. Ndilo linaloniuma kuliko mengine. Walikuja kwa sababu waliambiwa Madamu anakuja, wakasimama pale adabu ilipowaruhusu, nyuma ya migomba, wametupa migongo. Ukikaa chini ya hema uliona vitenge vyao katikati ya majani: chekundu, cha bluu, cha njano cha mama. Afisa alieleza habari za ajira na maendeleo. Wazee waliuliza kama hoteli itanunua samaki. Kisha afisa akauliza, "Na akina mama, wana pingamizi?"

Kimya. Jogoo wa babu akawika, watu wakacheka.

"Wapo kule, wanasikia," alisema babu, kwa nia njema yote ya dunia. "Hawajakataa."

Nikainuka. "Babu, hawawezi kusema hapa, na wewe unajua."

"Mke wangu, kaa chini," babu alinitania. "Ukisema hivyo mbele ya wageni nitaoa mwingine." Hema lote likaangua kicheko. Nilimtazama Madamu. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Angeweza kusema: tuhamie ufukweni. Angeweza hata kuninong'oneza niende kule migombani na kuwauliza mmoja mmoja. Kalamu yake ya kijani, ile ya kusahihishia kazi zetu, ilikuwa inaandika. Aliinua kichwa, akatazama migomba muda wa kutosha kuona kila kitenge, akakirudisha kichwa chini.

Niliondoka peke yangu kwenda migombani. Mama alikuwa amejikunja upande wa pili wa shina.

"Mwambie Madamu tunakataa," alinong'ona. "Mwambie ni lile shimo. Ufukwe wachukue, shimo watuachie."

Nilirudi nikasema hivyo kwa sauti, mbele ya afisa. Afisa akauliza mimi ni nani. Nikasema msaidizi wa utafiti. "Basi msaidizi, saidia," alisema, na watu wakafungua soda.

Ripoti ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Akina mama walialikwa na kushiriki, na hawakuwa na pingamizi. Kiswahili chake kilikuwa safi.

Nilimfuata ofisini chuo kilipofunguliwa. Chungu chake cha mdomo upande kilikuwa mezani, kimejaa kalamu za kijani. Alinikaribisha chai. Sikuketi.

"Sema," alinihimiza. "Usinitazame kama mtu wa kanisani."

"Hawakuwa na pingamizi?"

"Walialikwa."

"Madamu, wewe ndiye uliyejifunika kitenge mbele yetu."

Aliikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Ningekataa kazi ile wangemtuma mtu mwingine. Mtu asiyejua hata mkamwana ni kitu gani. Mimi angalau niliwaombea njia ya kupita kwenda ziwani. Ripoti ina ukurasa mzima wa njia hiyo. Umeusoma?"

"Nimeusoma. Asiyejua angekuwa na udhuru."

Aliweka kijiko chini. Kisha akasema, na sauti haikuwa ya ukali, "Utakapokuwa na nyumba na watu wanaoitegemea, tutazungumza tena." Nikamwambia mama naye ana nyumba na watu wanaoitegemea. Nikatoka.

Nilifikiri atanilipiza. Hakufanya hivyo, na hilo lilinichanganya zaidi. Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho niliiandika juu ya mkutano ule, kila kitu, bila kumtaja kwa jina: "mtafiti mkuu alijua." Yeye ndiye aliyeisahihisha. Alinipa alama ya juu kabisa darasani. Pembezoni alirekebisha nukta na mikato, akaniongezea vitabu vitatu vya kusoma, na mwishoni akaandika: Kazi ya kweli. Kwa hiyo ukweli ulipata A, ukawekwa maktaba, na uzio ukajengwa. Vyote viwili vipo mpaka leo, kila kimoja mahali pake, havisumbuani. Hilo nalo ni jambo nililojifunza kwenye shahada yangu, ingawa halikuwa kwenye mtaala.

Siku hizi nakaa Bondeni, nanunua mchele vijijini na kuwauzia wafanyabiashara wa Kasumulu, mpakani na Malawi. Watu wa mpakani hupenda kunitania: "Leo Sayansi za Jamii anauza kwa bei ya jamii au ya sayansi?" Sijutii kusoma. Ila shahada ilinipa maswali na haikunionyesha mlango wa kuyapeleka. Na mtu pekee ambaye angenionyesha alikuwa anauegemea mlango huo kwa ndani.

Mama na wenzake wanachimba kwingine sasa, mbali, juu ya kijito. Udongo wa kule una mchanga. Unafinyangika, unapendeza, unapakwa rangi nyekundu na nyeupe kama kawaida, kisha moto ukishika unasikia: pa. Kimoja. Pa. Kingine. Mtumbwi uliokuwa unakwenda gulioni umejaa mpaka ukingo sasa unakwenda na nafasi ya mtu kulala. Njia ya kupita kwenda ziwani, ile ya ukurasa mzima, ipo. Ni nyembamba na ina geti.

Babu alifariki mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Siku ya msiba ndiyo mara ya kwanza nilimwona mama amesimama katikati ya ua ule. Alitazama huku na huku kama mgeni. Alikuwa ameishi hatua chache kutoka pale maisha yake yote ya ndoa, na hakujua kwamba pana mti wa limau. Tangu hapo anapita anapotaka. Wazee wa rika la babu wameisha wote; ufukweni kwetu hakuna tena mwanamume wa kumfanya mama aiache njia.

Ndiyo maana Jumapili ile sikuelewa haraka.

Nilikuwa nimekuja kumtembelea. Mama alikuwa ameketi nje, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni, ananisema kwa kutokuolewa. Ghafla akatazama nyuma yangu. Kisha akainuka, akavuta kitenge kichwani kwa mikono ileile ya udongo, akainama, akapita kwa ubavu na uso umegeukia ukuta wa nyumba, mpaka akaingia migombani. Niligeuka. Kwenye njia alikuwa anakuja Madamu.

Alikuwa amestaafu. Nywele zimekuwa nyeupe, na alitembea kama mtu aliyeambiwa na goti lake mwenyewe habari za magoti. Kulikuwa na semina kule hotelini, alisema, wamemwalika kutoa mada. Amepitia tu kusalimia, na kununua chungu. Mkononi alikuwa na mfuko wenye sukari na sabuni, kama mgeni mwenye adabu.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Bado una uso ule ule wa kanisani." Alitabasamu. "Mama yupo?"

Chungu cha mama kilikuwa chini, nusu, kinang'aa kwa maji, alama za vidole bado mbichi. Kitenge chake kilionekana vizuri kabisa nyuma ya mashina. Hakuwa amejificha mbali. Alikuwa amejificha kiasi cha kuonekana.

"Unamwona," nilisema.

Akatazama. "Lakini babu yako si alishatangulia? Nilipata habari."

"Alishatangulia."

"Na wazee wenzake?"

"Wameisha."

"Sasa anamkwepa nani?"

Sikujibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtafiti mbaya hujaza kimya kwa maneno yake. Nilimwacha na kimya chake, nikamtazama akikisoma. Alikuwa msomaji hodari siku zote. Ilimchukua muda wa pumzi mbili tatu, na niliona usoni mwake mahali hasa jibu lilipofika.

Alifumbua mdomo kuelekea migombani. Nadhani alitaka kusema "mama". Hakusema. Hakuna mkwe anayemwita mkamwana aliyeiacha njia. Aliuweka mfuko wake wa sukari kwenye kizingiti, akaniangalia kama anayengoja nimwambie kitu, kisha akageuka na kurudi alikotoka. Hakununua chungu. Alipofika pale njia inapokata kona, mgongo umetuelekea, akakohoa. Mara moja, kwa nguvu, kama wanavyokohoa wazee.

Mimi ni mtu wa kutilia shaka. Njia ile ina vumbi, na umri huleta kifua. Nilikuwa bado naipima shaka hiyo mama alipotoka migombani, akajipangusa jani kavu begani.

"Amekohoa," alisema.

"Huenda ni vumbi, mama."

"Msomi wangu." Akaketi, akakivuta chungu mapajani, akatafuta gunzi lake kwa kupapasa. "Ni kikohozi cha mkwe. Basi anajua. Alijua tangu siku ile ya hema."

Mfuko wa sukari ulikaa kizingitini, hakuna aliyeugusa. Mama akainamisha kichwa, akaendelea kulainisha chungu ambacho sote wawili tulijua kitapasuka motoni.